Picha za Meiji zilikuwa zinauza mabadiliko, na makumbusho yaandike hivyo ukutani

Kuna picha moja ya Kobayashi Kiyochika ya mwaka 1879, treni inapita kando ya maji pale Takanawa, Tokyo, ni usiku, mwezi una ukungu, madirisha ya mabehewa yanawaka. Ukiingia kwenye maonyesho ya chapa za mbao za Kijapani za enzi ya Meiji, yaani 1868 mpaka 1912, kuna uwezekano mkubwa utaikuta, na watu wanasimama mbele yake muda mrefu maana ni nzuri kwelikweli, halafu maelezo ya pembeni mara nyingi yanakwambia hapa msanii ameshuhudia nchi yake inabadilika. Sasa angalia kichwa cha hiyo treni. Ni cha mtindo wa Kimarekani, kile chenye wavu wa chuma mbele wa kusukuma ng'ombe watoke relini, wakati reli ya Shimbashi mpaka Yokohama iliyofunguliwa 1872 ilijengwa na wahandisi wa Kiingereza na vichwa vyake vilitoka Uingereza, havikufanana na hicho hata kidogo. Inaelekea alikichukua kwenye picha ya Kimarekani iliyomfikia mkononi. Yaani mtu anaishi Tokyo, treni ya kweli inapita anaiona, na bado kwenye karatasi anaweka treni nyingine.

Simlaumu kwa hilo, picha ni yake. Nnacholalamikia ni hilo neno ushahidi ambalo makumbusho yanapenda kulibandika kwenye picha za kipindi hiki, maana likishakaa pale ukutani mtazamaji anaacha kuuliza maswali. Mi naona hizi picha zilikuwa zinayauza mabadiliko, kwa bei ndogo, kwa watu wa mjini ambao dunia yao ilikuwa imepinduliwa ndani ya miaka michache, na zilikuwa zinawaambia watazame nini, wapende nini, na baadaye wamchukie nani. Ukizitundika bila kusema hivyo unakuwa umetundika nusu ya kitu.

Tuanze na zilivyokuwa zinatengenezwa maana hapo ndo kila kitu kinaeleweka. Mwenye picha ni mchapishaji. Yeye ndo anatoa pesa, anajua mjini watu wanaongelea nini wiki hii, anamwita mchoraji anamwambia nataka kitu fulani. Mchoraji anachora kwa wino kwenye karatasi nyembamba, karatasi inagandishwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mchongaji anachonga akifuata mistari, na mchoro wenyewe unaishia hapohapo kwenye ubao, haubaki. Kila rangi inachongewa sehemu yake. Halafu mpiga chapa anapaka rangi kwa brashi, analaza karatasi ya mforosadi kwa kufuata alama mbili ndogo zilizochongwa pembeni ili rangi zisipishane, anasugua kwa mkono kwa kisuguo cha duara kilichofunikwa ganda la mwanzi, anatoa nakala, anarudia, rangi moja baada ya nyingine, mamia ya karatasi na zikitoka sana maelfu. Isiponunuliwa hasara ni ya mchapishaji. Na kuanzia miaka ya 1870 sheria ilitaka jina la mchapishaji, anwani yake na tarehe viandikwe kwenye picha yenyewe, kwa hiyo ukiziangalia pembeni utaona vile vimaandishi vidogo, na vile kwangu ndo sehemu ya kwanza ya kusoma kwa sababu vinakwambia hiki kitu kilikuwa bidhaa dukani, kina mwenye duka na siku ya kutoka.

Hii tabia ya kuuza kisichoonekana haikuanza na Kiyochika. Perry, kamanda wa jeshi la maji la Marekani, alifika na meli zake 4 mwaka 1853, bandari ya Yokohama ikafunguliwa kwa wageni 1859, na mwaka 1860 na 1861 wachapishaji wa Edo, ndo Tokyo ya leo, wakafurika picha za Yokohama, Wamarekani, Waingereza, Wafaransa, Warusi na Waholanzi, wanawake wenye magauni mapana, farasi, mbwa, meza za chakula. Utagawa Sadahide, Yoshikazu, Yoshitora, wote walikuwa wanafanya hiyo kazi. Yoshitora alitoa mpaka picha za miji ya nje na wala hajawahi kutoka Japani, walikuwa wanachukua vitu kwenye magazeti yenye picha ya Ulaya, wanavipanga upya, wanaongeza rangi, wanauza. Sisi wa pwani hii jambo hilo lisitushangaze sana, maana karne iliyopita kanga nyingi walizovaa bibi zetu zilichapwa viwandani Japani na watu waliokuwa wanapanga maneno ya Kiswahili wasiyoyasoma kwa ajili ya wanawake wasiowahi kuwaona, na zikauzika vizuri tu. Kuchapa kwa ajili ya mtu wa mbali au kuhusu mtu wa mbali ni biashara ya zamani. Ila kwa Yokohama kuna kitu kingine naomba kiangaliwe, wale wageni walikuja na mizinga, mikataba ilikuwa ya kulazimishwa, nchi ilikuwa na hofu na hasira mpaka wageni wengine waliuawa barabarani, na kwenye hizi picha hofu hiyo karibu haipo. Kila mtu amevaa vizuri, wanatembea, wanakunywa. Mnunuzi alikuwa analipia kutulizwa.

Baada ya 1868 shogun, yule mtawala wa kijeshi, akaondoka, mfalme akawekwa mbele, Edo ikapewa jina la Tokyo, na kila kitu kikaenda mbio. Mtaa wa Ginza uliungua 1872 ukajengwa upya kwa matofali, 1874 zikawekwa taa za gesi, 1876 samurai wakakatazwa kubeba panga hadharani. Picha za treni zilianza kuuzwa kabla treni yenyewe haijaanza kubeba abiria, kwa hiyo wengi waliijua kwanza kwenye karatasi. Na rangi zikabadilika, ile nyekundu kali na zambarau ya viwandani kutoka Ulaya ikaingia, ikajaa angani, kwenye mazulia, kwenye makoti. Kwa miaka mingi wakusanyaji wa Ulaya na Marekani waliidharau hiyo nyekundu, wakasema sanaa ilikufa na wachoraji wakubwa wa zamani, Hokusai 1849 na Hiroshige 1858, kilichobaki ni takataka. Nadhani waliikosea kwa sababu waliihukumu kwa utulivu wa Hiroshige wakati wenzao waliichagua makusudi kwa kuwa ilikuwa mpya, inapiga kelele, inasema sasa hivi. Kwenye hilo makumbusho ya miaka ya karibuni yamefanya kazi nzuri sana, zile nyekundu zimetolewa kwenye madroo na zinapewa heshima yake.

Alafu kuna Toyohara Chikanobu, ambaye maisha yake peke yake yangetosha chumba kizima. Alikuwa samurai upande wa shogun, alipigana Ueno 1868, akaenda mpaka Hakodate kule kaskazini na wale waliokataa kusalimu amri, wakashindwa. Miaka ya 1880 huyohuyo ndo anachora familia ya mfalme aliyewashinda, mke wa mfalme na wanawake wa ikulu wamevaa magauni ya Kizungu wanaangalia maua, wanasikiliza kinanda. Hakuwa anaingia ikulu. Ilipotangazwa katiba Februari 1889 zikatoka picha nyingi za sherehe ndani ya ukumbi ambao wachoraji hawakualikwa, kila mtu amesimama mahali pake, mapazia yamepangwa. Serikali ilitaka nchi ionekane hivyo na wachapishaji walijua inauzika, hawakuhitaji kulazimishwa. Halafu miaka ya 1890 Chikanobu anageuka nyuma anachora maisha ya wanawake ndani ya kasri la Chiyoda la enzi za shogun, kimya, rangi zimetulia. Sijui kama kuna mfululizo mwingine unaonigusa kama huu, kwa sababu hapo unahisi mtu amerudi kwa watu wake, na soko nalo lilikuwa tayari, watu walishaanza kuichoka nyekundu.

Mchoraji mwingine, Tsukioka Yoshitoshi, naye kwenye zile picha zake 100 za mwezi, 1885 mpaka 1892 mwaka aliokufa, karibu zote ni za mashujaa, washairi, watawa na mizimu ya kale, na inasimuliwa watu walikuwa wanapanga foleni kuzinunua. Ni kazi kubwa kuliko zote za kipindi hiki kwa maoni yangu na sitaki kuongeza mengi, ila tusisahau kwamba na huzuni ya kukosa ya zamani ilikuwa na mchapishaji na bei. Kuuza treni na kuuza majonzi ya kabla ya treni vilifanyika kwenye maduka yaleyale.

Turudi kwa Kiyochika maana kwake ndo hoja yangu inaumia. Alizaliwa Edo 1847, familia ya watumishi wadogo wa shogun, vita vikaisha vibaya kwao akaenda Shizuoka na wenzake, akarudi mjini 1874 akakuta Tokyo. Kuanzia 1876 mpaka 1881 akatoa picha 93 za mji huo. Kwenye nyingi hakuna ile mistari minene meusi ya chapa za zamani, watu ni vivuli, wanatembea chini ya taa za gesi Nihonbashi, mvua, theluji, vimulimuli Ochanomizu, na nyuso zao karibu huzioni. Pale Washington mwaka 2014 Arthur M. Sackler Gallery waliziandalia maonyesho yake peke yake, sehemu kubwa kutoka kwa Robert O. Muller, mkusanyaji aliyewaachia zaidi ya chapa 4,000, na walichagua kumwangalia kama bwana wa usiku. Ni uchaguzi wa haki, hizo picha zinastahili. Januari 1881 moto mkubwa uliteketeza mtaa wa Ryogoku na nyumba yake ikaungua, inasemekana alikuwa nje anachora moto huohuo, na michoro yake ya moto ikauzwa sana. Muda mfupi baadaye mfululizo ule ukasimama.

Na hapo ndo maonyesho mengi yanapomuacha. Alikufa 1915, ana miaka mingine zaidi ya 30 ya kazi, na katikati yake kuna vita.

Japani na China walipigana kuanzia kiangazi cha 1894 mpaka Aprili 1895, waligombea nani awe na sauti Korea. Chapa za mbao zilikuwa zimeshaanza kuzidiwa na magazeti na picha za kamera, vita ikazifufua ghafla, inakadiriwa zilitoka picha kama 3,000 ndani ya miezi hiyo, nyingi za karatasi 3 zilizounganishwa. Wachoraji wengi walibaki Tokyo, waliokwenda mstari wa mbele walikuwa wachache, waliobaki wakawa wanachora kutokana na taarifa za magazeti na telegramu. Kiyochika akawa mmoja wa waliozalisha nyingi na bora. Na chukua ujuzi ule wote wa 1876, mwanga wa taa kwenye giza, theluji, moto, mwezi nyuma ya wingu, uone umeenda wapi: mioto ya kambi, taa kubwa za meli za kivita zinamulika bahari usiku, mabomu yanapasuka, askari wa Kijapani wamepangwa mstari kwa heshima, na Wachina wenye nguo za rangi kali na nywele za mkia wanaanguka, wanakimbia, wamekanyagwa. Sio hizo tu, akafanya na mfululizo wa vikaragosi wa kuwadhihaki Wachina, ushindi mia na vicheko mia, akaurudia kwa Warusi 1904 na 1905.

Kisa cha mpiga tarumbeta kinaonyesha vizuri jinsi mashine hii ilivyofanya kazi. Kwenye mapambano ya mwanzo Korea, Julai 1894, magazeti yakasema kuna mpiga tarumbeta amepigwa risasi akaendelea kupuliza mpaka akakata roho, jina Shirakami Genjiro. Wachapishaji wakamdaka, picha zikatoka, anapuliza huku damu inatoka. Baadaye ikasemekana sio yeye, ni Kiguchi Kohei, na vitabu vya shule vikachukua jina hilo la pili vikalifundisha kwa watoto. Picha zilikuwa zimeshauzwa zamani. Au lile la Novemba 1894, jeshi la Japani lilipoiteka Port Arthur, bandari ya China, waliuawa Wachina wengi wasiokuwa na silaha, James Creelman wa gazeti la New York World akaliandika, dunia ikashtuka, wakati kwenye picha zilizokuwa zinatundikwa mbele ya maduka ya Tokyo Port Arthur ni ushujaa mtupu, moshi, bendera, ukuta unapandwa. Ukisema hizo picha ni ushahidi, ushahidi wa nini hasa? Ni ushahidi wa kile ambacho mnunuzi wa Tokyo alitaka kuamini asubuhi ile, na hicho ni kitu cha maana sana kukijua, ila lazima mtu aambiwe ndicho anachokitazama.

Najua makumbusho yanaogopa, na yana sababu. Aprili 2006 chuo cha MIT Marekani kilikuwa na mradi wa historia kwa picha mtandaoni wa maprofesa John Dower na Shigeru Miyagawa, ndani yake kulikuwa na chapa hizi za vita, mojawapo ya Utagawa Kokunimasa ya Oktoba 1894 inayoonyesha mateka wa Kichina wanakatwa vichwa. Ilipowekwa mbele kwenye ukurasa mkuu wa chuo wanafunzi wa Kichina na wengine wengi wakakasirika sana, mradi ukaondolewa kwa muda, ukarudishwa baadaye na maelezo zaidi. Dower alikuwa ameandika maneno makali dhidi ya ubaguzi uliomo kwenye picha hizo, ila picha ilisafiri bila maneno yake. Nawaelewa wale wanafunzi kabisa. Ukikuta babu zako wanachinjwa kwa rangi nzuri na juu pameandikwa sanaa, hasira ni haki yako. Nawaelewa na maprofesa, kwa sababu kuificha picha ile ni kumruhusu mtu aipende Meiji yote kupitia vimulimuli vya Ochanomizu.

Na mtu anaweza kusema sawa, basi vita iwe na maonyesho yake na mji uwe na maonyesho yake. Saint Louis Art Museum walifanya hivyo 2016, maonyesho mazima ya sanaa na vita Japani, na ninaheshimu walivyokubali kuliangalia jambo usoni. Ila mgawanyo huo ndo unaonikera. Ukiweka taa za gesi jengo moja na mizinga jengo lingine, mtazamaji haoni kwamba ni wachapishaji wa aina moja, mbao zilezile za mcheri, pengine mchongaji yuleyule, na mara nyingine mchoraji yuleyule. Yule mtu aliyejifunza kuvutiwa na treni 1872 na gauni 1887 alifundishwa kwa njia ileile kufurahia Mchina anayeanguka 1894, na kwenye picha hizo zote kipimo ni kilekile, anayefanana na Mzungu kwa mavazi na vyombo ndo yuko mbele, asiyefanana yuko nyuma. Treni na kifo viko kwenye hoja moja, na huwezi kuiona hoja mpaka uviweke ukuta mmoja.

Hili lina uzito zaidi kwa sababu ya karatasi yenyewe. Chapa hizi haziwezi kukaa kwenye mwanga, rangi zinafifia, kwa hiyo zinatundikwa wiki chache kwenye mwanga hafifu halafu zinarudi gizani miaka. Kule Boston, ndugu wawili wa familia ya Spaulding walipoitoa 1921 hazina yao ya chapa kama 6,500 kwa Museum of Fine Arts waliweka sharti kwamba zisionyeshwe hadharani kabisa, na rangi zake mpaka leo ni za ajabu kwa sababu hiyo. Kwa makumbusho mengine kila maonyesho ni kuchagua, picha 60 au 80 kati ya maelfu, na zilizobaki kizazi kizima cha watazamaji hakitaziona. Kwa hiyo anayepanga anaposema vita haikutosha nafasi safari hii, ajue safari ijayo inaweza kuwa miaka 10 mbele.

Ningekuwa na uwezo ningeomba vitu vitatu tu na havina gharama kubwa. Kwenye kila maelezo liandikwe jina la mchapishaji kwa herufi kubwa sawa na la mchoraji, na la mchongaji pale lilipo, maana chapa kadhaa za Yoshitoshi zinalo pembeni na bado ukutani halitajwi. Pili iandikwe kama mchoraji aliiona hiyo sehemu au hakuiona, sentensi moja inatosha, mtazamaji ataendelea mwenyewe. Na treni ya Takanawa iwekwe jirani kabisa na picha mojawapo ya Kiyochika ya 1894, ile yenye mwanga mzuri kuliko zote, na katikati yao maelezo yaseme mkono ni mmoja, miaka 15 imepita, na huyu aliyelala chini kwenye theluji kwenye picha ya pili ni Mchina.